Buenos Aires ya Dola na Buenos Aires ya Peso

Kwa miaka kadhaa sasa, kila panapozungumzwa miji inayowafaa wahamaji wa kidijitali, Buenos Aires haikosi kutajwa. Wahamaji hawa ni watu wanaobeba kompyuta zao na kukaa nchi moja huku wakimfanyia kazi mwajiri au mteja aliye nchi nyingine. Sifa wanazoipa Buenos Aires ni zile zile: majengo ya kupendeza, mikahawa isiyofunga mapema, intaneti ya kutegemewa, nyama nzuri na maisha nafuu. Nne za mwanzo ni sifa za mji wenyewe. Unafuu ni habari nyingine. Ulitokana na pengo kati ya fedha mbili, na katika pengo hilo kuna aliyekuwa juu na aliyekuwa chini. Anayetaka kwenda kufanya kazi huko anapaswa kujua pengo lile lilifunguka vipi, nani alibeba gharama yake na kwa nini limezibika. Sisi ambao nchi zetu zimeanza kuwakaribisha wageni wa aina hiyo tunapaswa kujua zaidi.

Chukua Julai 2022. Mwanzoni mwa mwezi, Waziri wa Uchumi wa Argentina, Martín Guzmán, alijiuzulu. Watu wakakimbilia dola, na kabla mwezi haujaisha dola moja ilikuwa ikiuzwa mitaani kwa zaidi ya peso 300. Benki nazo, kwa kufuata bei ya serikali, ziliendelea kuihesabu dola hiyo hiyo kwa karibu peso 130. Sasa tuseme watu wawili wamekula chakula cha jioni cha peso 6,000 kila mmoja, kwenye meza moja. Aliyelipa kwa kadi ya benki ya kwao alikatwa kama dola 46. Mwenzake aliyebadilisha noti zake mtaani mchana ule alikuwa ametumia dola 20. Mhudumu aliyewaletea sahani hakuwa na bei ya kuchagua. Mshahara wake ulikuwa wa peso, na peso zile zilipungua nguvu tangu siku anazipokea hadi siku ya kulipa kodi ya nyumba.

Kwa nini serikali ivumilie bei mbili za kitu kimoja? Jibu linaanzia mbali kidogo. Mwaka 1991 Argentina ilipitisha sheria iliyoifunga fedha yake na dola ya Marekani, ikawa peso moja kwa dola moja, na kwa miaka kumi wananchi waliamini kwamba peso yao ni dola kwa jina lingine. Desemba 2001 imani hiyo ilivunjika. Serikali iliweka kikomo cha kutoa benki peso 250 kwa wiki, watu wakamiminika barabarani wakigonga masufuria, polisi wakaua waandamanaji, na tarehe 20 Desemba Rais Fernando de la Rúa akajiuzulu na kuondoka ikulu kwa helikopta. Mwanzoni mwa 2002 akiba za dola zilizokuwa benki zikageuzwa peso kwa lazima, peso 1.40 kwa kila dola, na katika miezi michache dola sokoni ikapita peso tatu. Mtu aliyekuwa ameweka akiba ya uzee alipoteza zaidi ya nusu yake bila kuiba, bila kucheza kamari, bila kukosea chochote.

Jeraha hilo halijapona. Tangu hapo Mwargentina wa kawaida huweka akiba kwa dola, na mara nyingi huiweka nyumbani au kwenye sanduku la kukodi. Nyumba hutangazwa kwa dola, na mauzo mengi hufungwa kwa noti zinazohesabiwa mezani mbele ya mwanasheria. Kila hofu ya kisiasa inapozuka, wote hukimbilia dola kwa pamoja, na benki kuu huanza kuishiwa. Hapo serikali hufunga mlango. Cristina Fernández de Kirchner aliufunga mwaka 2011. Mauricio Macri aliufungua Desemba 2015, kisha yeye mwenyewe akaufunga tena Septemba 2019, na mwezi uliofuata mwananchi akawa haruhusiwi kununua zaidi ya dola 200 kwa mwezi. Wenyewe huiita amri hiyo cepo. Na mlango wa mbele ukifungwa, watu hupita wa nyuma. Ndiyo asili ya dola ya bluu, yaani dola ya magendo ambayo bei yake ilisomwa kwenye taarifa ya habari kila jioni kama hali ya hewa. Watanzania waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa zaidi. Nao waliishi na bei mbili za dola, hadi sheria ya 1992 iliporuhusu maduka ya kubadilisha fedha.

Mgeni aliyefika Buenos Aires wakati wa cepo alikutana na biashara hiyo kwenye mtaa wa Florida, barabara ya waenda kwa miguu katikati ya mji. Kila baada ya hatua chache alisimama mpiga debe akiita “cambio, cambio”. Ukikubali, anakupeleka kwenye ghorofa ya ofisi au nyuma ya duka la ngozi, ambako yupo mtu nyuma ya kioo na mashine ya kuhesabia noti. Noti yako ya dola mia inainuliwa kwenye mwanga na kupapaswa. Kama ni mpya na haina mkunjo, unapata bei kamili. Kama ni ya toleo la zamani, lenye picha ndogo ya Franklin, inapunguzwa bei au inakataliwa, jambo ambalo yeyote aliyerudishiwa dola yake ya zamani katika maduka ya Dar es Salaam atalitambua. Hadi katikati ya 2023 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya peso 1,000, kwa hiyo aliyebadilisha kodi ya mwezi alitoka na furushi zima na kulitafutia mahali ndani ya koti. Biashara hii haikuwa halali, na ilifanyika mchana kweupe polisi wakipita. Waliouziana humo hawakuwa wageni peke yao. Mgeni alileta dola, na aliyezinunua mara nyingi alikuwa mwenyeji mwenye duka, daktari au fundi aliyetaka kuokoa jasho lake kabla halijayeyuka. Kwa hiyo si sahihi kumwona mhamaji kama mnyonyaji aliyeingia kwenye nyumba isiyo na mlango. Alikuwa akinunua kwa bei ambayo wenyeji wenyewe waliipanga kwa hofu yao. Ila yeye alikuwa na kitu ambacho wao walikitafuta kwa tabu, na alikipata kila mwezi kwenye akaunti bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwishoni mwa 2022 serikali iliona dola hizo zinapita nje ya benki ikabadilisha utaratibu: kadi za kigeni zikaanza kukokotolewa kwa bei inayokaribia ile ya mtaani. Furushi likawa si lazima tena. Lakini pengo lilibaki vile vile, lilihamia tu kwenye kadi.

Maisha ya kazi yenyewe yanaeleweka haraka. Buenos Aires iko saa sita nyuma ya Afrika Mashariki, na haibadilishi saa zake kwa majira. Hapo pana jambo ambalo Mswahili atalifurahia: saa ya ukutani ya Buenos Aires inaposomeka nane asubuhi kwa hesabu yao, Dar es Salaam na Nairobi ni saa nane mchana kwa hesabu yetu, kwa hiyo ukiisoma saa yao kwa Kiswahili unajua papo hapo ni saa ngapi nyumbani. Mwenye wateja Nairobi ataumia, kwa sababu ofisi zinafunguliwa huku yeye akiwa kwenye usingizi wa usiku wa manane. Mwenye wateja New York atastarehe, kwani tofauti ni saa moja au mbili tu. Hiyo ni sababu kubwa, na isiyosemwa vya kutosha, kwa nini waliojaa kwenye mikahawa ya mtaa wa Palermo na kompyuta zao ni Wamarekani kuliko Waasia au Waafrika. Usafiri nao hauna taabu. Kadi moja iitwayo SUBE hulipa basi, treni na reli ya chini ya ardhi, ambayo njia yake ya kwanza ilifunguliwa Desemba 1913, ya kwanza Amerika ya Kusini. Madukani watu wanalipa kwa kuchanganua msimbo kwa simu, karibu sawa na lipa namba yetu. Kahawa ndogo yenye maziwa na mkate mtamu wa umbo la mwezi mchanga vinatosha kukupa haki ya meza kwa saa kadhaa, na mhudumu hatakuja kukuharakisha. Chakula cha jioni huanza saa tatu au saa nne usiku. Anayelala mapema atakosa nusu ya mji.

Tatizo lilikuwa nyumba, na hapa ndipo pengo la fedha liligeuka kuwa maumivu.

Kupanga nyumba kwa mkataba wa kawaida Buenos Aires si suala la kuwa na pesa tu. Mara nyingi mwenye nyumba humtaka mpangaji alete mdhamini mwenye nyumba yake mwenyewe ndani ya mji, ambayo itakuwa dhamana endapo kodi haitalipwa. Mgeni hana mjomba mwenye nyumba Buenos Aires. Kwa hiyo njia yake rahisi ni nyumba ya muda, yenye samani, inayokodishwa kwa wiki au miezi, na bei yake hutajwa kwa dola. Hadi hapo hakuna ubaya. Kila mji una vyumba vya wapita njia.

Lakini mwaka 2020 Bunge la Argentina lilipitisha sheria ya upangaji yenye nia njema kabisa. Mkataba wa makazi usipungue miaka mitatu, na kodi ipandishwe mara moja tu kwa mwaka, kwa kiwango kinachokokotolewa na benki kuu. Katika nchi yenye mfumuko wa bei wa asilimia chache, sheria hiyo ingekuwa kinga nzuri. Argentina ilifunga mwaka 2023 na mfumuko wa asilimia 211.4. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ile ile kwa miezi kumi na miwili aliona inabaki nusu, kisha theluthi ya thamani yake. Akafanya hesabu ambayo yeyote angefanya: amwondoe mpangaji mkataba ukiisha, anunue kitanda na vyombo, apige picha, aiweke nyumba Airbnb kwa dola. Wengine waliamua kuziacha tupu wakisubiri siku bora. Katika mitaa ya San Telmo, Palermo na Recoleta, mwenyeji mwenye mshahara wa peso alitafuta nyumba ya mkataba akakuta zimebaki za kuhesabika, na zilizobaki zinagombewa na foleni ya watu.

Wengi walimlaumu mhamaji wa kidijitali. Mimi naona lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Mhamaji hakutunga sheria ya 2020 wala hakuchapisha peso. Alichofanya ni kumpa mwenye nyumba mahali pa kukimbilia. Ushahidi ulikuja baadaye: Rais Javier Milei alipoifuta sheria hiyo kwa amri yake ya Desemba 2023, nyumba za mkataba zilirudi sokoni kwa wingi katika miezi michache, na wageni walikuwa bado wapo. Hata hivyo kufutwa huko hakukuwa zawadi kwa mpangaji. Sasa mkataba ni makubaliano ya wawili, kodi hupandishwa kila miezi mitatu au minne, na mstaafu anayepanga hana kinga yoyote dhidi ya mwenye nyumba mwenye haraka. Nyumba zimepatikana, lakini si kila aliyezisubiri anaweza kuzilipia. Wanaosifu mabadiliko hayo kwa kutaja wingi wa matangazo tu wanamwacha mtu huyo nje ya hesabu, na mimi sikubaliani nao.

Amri hiyo ya nyumba ilikuwa sehemu ndogo ya jambo kubwa zaidi. Siku chache baada ya Milei kuapishwa Desemba 2023, bei rasmi ya dola ilipandishwa kwa mkupuo kutoka karibu peso 366 hadi 800. Baada ya hapo serikali iliiachia peso ishuke asilimia mbili tu kwa mwezi. Hapa inafaa kutulia na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini ushauri wa 2022 wa kwenda Buenos Aires kwa ajili ya unafuu umekuwa mtego. Bei za vitu kwa peso zilipanda asilimia 117.8 katika mwaka 2024. Kitu cha peso 8,000 mwanzoni mwa mwaka kilifika takriban peso 17,400 mwishoni. Dola rasmi nayo ilitoka karibu peso 800 hadi kama 1,030. Gawanya: kitu kilichokuwa dola 10 kimekuwa dola 17, na hakijabadilika chochote isipokuwa tarehe. Dola ya mtaani nayo haikusaidia, maana ilipanda polepole kuliko bei za vitu, na pengo kati yake na dola rasmi likawa jembamba. Aprili 2025, kwa mkopo mpya wa dola bilioni 20 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kizuizi cha kununua dola kiliondolewa kwa watu binafsi, na peso ikaachiwa kupanda na kushuka kati ya 1,000 na 1,400 kwa dola.

Matokeo ya bei kupanda kuliko dola yalionekana pande zote mbili za mpaka, hata kabla ya Aprili hiyo. Kahawa ya Palermo ilianza kuuzwa kwa bei inayolingana na ya miji ya Ulaya. Wahamaji waliokuja kwa ajili ya unafuu peke yake walifunga mizigo. Na wenyeji ambao peso yao sasa ilikuwa na nguvu dhidi ya dola walivuka mipaka: katika kiangazi cha mwanzoni mwa 2025 Waargentina walijaa kwenye fukwe za kusini mwa Brazil, na wengine walivuka milima ya Andes hadi Santiago kununua nguo, simu na matairi. Kilichohama ni pengo, na watu walilifuata.

Sasa, nani anaruhusiwa kulifuata? Mei 2022 Argentina ilianzisha kibali maalumu cha wahamaji wa kidijitali, cha siku 180, kinachoweza kuongezwa mara moja. Kililengwa kwa raia wa nchi ambazo haziombwi viza kuingia Argentina kwa matembezi. Mkenya na Mtanzania hawamo katika kundi hilo. Mtaalamu wa programu kutoka Nairobi mwenye mteja wa London na kipato kizuri cha dola huanza na ubalozi wa Argentina uliopo Nairobi, viza ya kawaida, taarifa za benki na subira, wakati kijana wa Texas mwenye kazi ile ile anashuka tu kwenye ndege. Katika maelezo mengi kuhusu maisha haya ya kuhamahama, pasipoti hutajwa kama jambo dogo la utaratibu. Kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo jambo la kwanza, na linaamua mengi kuliko kasi ya intaneti.

Waafrika wapo Buenos Aires, na wapo wanafanya kazi. Katika mitaa ya Once na Flores Wasenegali wametandika vitambaa kando ya barabara, wakiuza saa, miwani ya jua na mikanda. Wengi waliingia kwa nchi kavu wakipitia Ecuador na Brazil, na mwaka 2013 serikali iliwapa nafasi maalumu ya kuhalalisha ukaazi wao. Nao wamehama kutafuta kipato, nao wanahesabu peso kwa bei ya dola kila siku kwa sababu familia zilizobaki Dakar au Touba haziwezi kutumia peso. Polisi wa mji wamewanyang’anya bidhaa mara nyingi. Hakuna kibali kilichobuniwa kwa ajili ya kuwavutia. Sioni sababu ya haki inayomfanya mmoja aitwe mgeni wa thamani na mwingine aitwe kero, ikiwa wote wawili wamekuja kuishi katika tofauti ya fedha.

Wala Mwafrika si mgeni wa jana mjini humo. Sensa ya 1778 iliwakuta weusi na machotara kuwa karibu theluthi moja ya wakazi wa Buenos Aires. Mei 2024 benki kuu ilitoa noti ya peso 10,000, na juu yake, kando ya Jenerali Manuel Belgrano, yupo María Remedios del Valle, mwanamke mweusi aliyepigana katika vita vya uhuru, akapewa cheo cha kapteni, kisha akaonekana akiombaomba katika mitaa ya mji aliousaidia kupata uhuru. Leo sura yake inapita mikononi mwa kila anayelipa taksi.

Haya yote yanatuhusu sisi kwa karibu. Mwaka 2024 Kenya ilianzisha kibali cha daraja N kwa wahamaji wa kidijitali, chenye sharti la mwombaji kuthibitisha kwamba kipato chake kinatoka nje. Arusha, Diani na Nairobi tayari zina watu wanaolipwa kwa dola au yuro na kukaa miezi mingi. Sipingi ujio wao. Wanakula kwenye mikahawa yetu, wanaajiri walimu wa Kiswahili, wanapanda bodaboda. Ila uzoefu wa Buenos Aires unaonyesha mahali pa kuangalia, na ni kwenye mkataba wa nyumba kabla ya idadi ya vibali. Kodi ya chumba inapotajwa kwa dola, mwenyeji wa shilingi hashindani tena na mshahara wa jirani yake. Anashindana na mshahara wa Berlin. Kanuni za Tanzania za Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Kilichobaki ni usimamizi: dalali wa Arusha amtajie kodi kwa shilingi mgeni mwenye kompyuta na mwalimu wa sekondari anayetafuta chumba hicho hicho, na iwe kodi ile ile.